Mwalimu na likizo: mwongozo kamili wa kupumzika bila akili kushika kutu

Walimu wenzangu habari za majukumu. Najua wengi mnamalizia kujaza ripoti na kukusanya vitabu stoo, wengine tiketi ya basi iko mfukoni tayari, sasa kabla hamjasambaa naomba tuongee kuhusu huu mwezi mmoja unaokuja. Naandika zaidi kwa walimu wa Tanzania bara ambao likizo zetu ndefu ni mbili, ya mwezi wa sita na ya mwezi wa kumi na mbili, ila hata kama uko Kenya au Zanzibar na kalenda yenu inapishana na yetu we badilisha tarehe tu, mengine yote ni yale yale.

Ninachoamini ni hiki. Sisi walimu hatuchoki kwa sababu tunafikiri sana, tunachoka kwa sababu muhula mzima tunatoa tu na hakuna kinachoingia. Mada ile ile unaifundisha mkondo A, B, C mpaka D, unasahihisha madaftari mia na kitu, unashika zamu, unafuatilia chakula cha wanafunzi, unaitwa kikao, jioni ukifika nyumbani unafungua simu unaangalia video fupi fupi mpaka usingizi ukuchukue. Miezi mitano hivyo. Akili haijajifunza kitu kipya hata kimoja, alafu likizo inakuja tunaendelea na zile video, tunarudi shule tukiwa wazito kuliko tulivyoondoka. Kwa hiyo mwongozo huu wote unazunguka jambo moja: likizo ni zamu yako ya kuwa mwanafunzi, kwa mwendo wako mwenyewe, bila mtihani na bila mtu kukukagua.

Na najua kuna ambao likizo ni jina tu, una kambi ya kidato cha nne, au umeitwa kusahihisha mitihani ya taifa, au mwezi wa sita ndo mahindi yanavunwa kwenu na mwezi wa kumi na mbili ndo kupanda. Sijakusahau, nitakuja kwako chini kwenye sehemu ya ratiba.

Hatua ya kwanza: funga muhula kwa maandishi kabla hujaondoka

Hii inachukua mkao mmoja tu, saa moja au mbili, na inafanyika kabla hujaanza safari maana ukishafika kwa wazazi huifanyi tena. Chukua daftari jipya, la likizo tu, sio shajara ya somo. Andika mada ambazo zilikugomea darasani na unadhani kwa nini. Andika wanafunzi ambao unaona kabisa kuna kitu kinawasumbua na unataka kuwaangalia kwa karibu wakirudi. Alafu, hapa ndo pa muhimu, andika maswali yote unayoyakumbuka ambayo wanafunzi walikuuliza ukawajibu "hilo tutaliona baadae" au ukawapa jibu ambalo mwenyewe hukuliamini.

Hayo maswali usiyadharau. Mtoto wa kidato cha pili akiuliza kwa nini bahari ina chumvi na Ziwa Victoria halina wakati vyote vinapokea mito, hiyo ni kazi ya siku kadhaa ya akili yako na ni tamu kuliko semina nyingi. Jaza hata kumi. Ukishindwa kukumbuka waulize wenzako ofisini, kila mwalimu analo lake.

Ukimaliza funika daftari. Kazi ya muhula imeisha, iko kwenye karatasi, haihitaji tena kuzunguka kichwani usiku.

Hatua ya pili: wiki ya kwanza zima kazi kabisa

Nasema kabisa. Grupu la WhatsApp la shule liweke kimya, mwambie mkuu au makamu kwamba kukiwa na dharura apige simu. Lala mpaka uamke mwenyewe. Kaa na watoto wako, pika, fua, nenda msibani na harusini, ongea na mama.

Hii sio uvivu, ina msingi wake. Mwaka 2007 Sabine Sonnentag na Charlotte Fritz walichapisha kipimo cha jinsi mtu anavyojirudishia nguvu baada ya kazi, wakaweka mambo manne: kujitenga na kazi kimawazo, kutulia, kujifunza au kumudu kitu kigeni, na kuwa na mamlaka juu ya muda wako mwenyewe. Angalia vizuri hayo manne. Mawili ya kwanza ndo tunayoyajua sote, kulala na kupumzika. La tatu na la nne ndo tunayaacha, na ndo yanayoifanya akili irudi na hamu. Ila huwezi kuanza la tatu ukiwa bado unaota kengele ya saa moja na nusu, kwa hiyo wiki ya kwanza iwe ya hayo mawili ya mwanzo, tena usingizi uupe kipaumbele kwa sababu ubongo unapanga na kukaza kumbukumbu zake wakati umelala. Mtu aliyelala masaa matano tu kwa usiku kwa miezi mitano hawezi kuanza kujifunza gitaa Jumatatu asubuhi.

Hatua ya tatu: chagua kitu KIMOJA ambacho huna habari nacho

Hapa watu wanakosea kwa kuandika orodha ndefu. Nitasoma vitabu vitano, nitajifunza kompyuta, Kifaransa, nitaanza mazoezi. Chagua kimoja. Na kisiwe somo lako, hata kisifanane nalo. Mwalimu wa hesabu achukue cherehani, wa Kiswahili achukue umeme wa nyumbani, wa jiografia ajifunze kinanda kanisani au kughani kaswida, wa kemia akae na fundi baiskeli. Unachotafuta sio cheti, unatafuta ile hali ya kuwa mjinga kwenye jambo na kupanda taratibu.

Ili kisife wiki ya pili, kipitishe kwenye maswali haya: je, mwalimu wake yupo hapa nilipo, mtu halisi ninayeweza kumfuata kwa miguu? Je, naweza kuona matokeo yake kabla likizo haijaisha, nguo imeshonwa, wimbo mmoja umepigwa? Je, gharama naimudu bila kukopa? Kama jibu ni ndio kote, anza. Kama mwalimu wake hayupo na intaneti ya kijijini inasuasua, badilisha, usijitese.

Kwa wale wanaokosa wazo, mimi napendekeza sana Lugha ya Alama ya Tanzania kama kuna mtu kiziwi mtaani kwenu au kuna shule yenye kitengo cha viziwi jirani. Ni lugha ya mikono na uso, akili yako iliyozoea kusikia inalazimika kufanya kazi kwa njia nyingine kabisa, na siku ukipata mtoto kiziwi darasani hutamuacha amekaa tu. Anza na herufi za vidole, jina lako, salamu, siku za wiki, alafu nenda kaongee naye, usijifungie na video peke yako.

Jambo moja nimeliona likitokea kwa walimu wengi wanaofanya hivi, nami limenitokea: ukikaa mbele ya fundi cherehani ukashindwa kuvusha uzi kwenye sindano na yeye anakuangalia tu, vidole vinatetemeka, unaelewa kwa mwili kabisa yule mtoto unayemsimamisha ubaoni anajisikiaje. Hilo halifundishwi kwenye moduli yoyote.

Hatua ya nne: soma kwa kufuata maswali

Sasa lile daftari. Kila wiki chukua maswali mawili matatu uyafuatilie mpaka yaishe. Nikuonyeshe na lile la chumvi maana ni zuri.

Unaanza na unachojua: mito inabeba chumvichumvi kidogo kidogo kutoka kwenye miamba. Sawa, basi Ziwa Victoria nalo lingekuwa na chumvi. Unafungua ramani unaona maji ya Victoria yanatoka, yanaondoka pale Jinja kama mto Nile, kwa hiyo chumvi inaingia na kutoka. Bahari haina pa kutolea, maji yanaondoka kwa mvuke tu na chumvi inabaki. Vizuri, lakini usiishie hapo, jaribu wazo lako: kama ni kweli, basi ziwa lolote lisilo na mto unaotoka linatakiwa liwe na chumvi au magadi. Unaangalia Natron, halina mto unaotoka, ni magadi matupu. Rukwa, halina pa kutokea, maji yake ni ya magadi. Eyasi hivyo hivyo. Tanganyika je? Unakuta linatoka kupitia mto Lukuga kwenda Kongo. Mpaka hapo umeshika ramani, umepita miamba, mvuke na bonde la ufa, yote kwa swali la mtoto mmoja wa dawati la nyuma. Na bado unaweza kuuliza Manyara nalo je, nakuachia hilo.

Namna ya kusoma ina kanuni moja ambayo ukiishika inatosha. Soma kurasa chache, funga kitabu, alafu andika kwa maneno yako kila unachokumbuka, ndipo ufungue uangalie ulichoacha. Usirudie rudie kusoma kile kile ukidhani kinaingia. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke wa Marekani walilinganisha wanafunzi waliorudia kusoma na waliojipima kwa kukumbuka, dakika tano baadae waliorudia kusoma walionekana wako vizuri zaidi, ila baada ya wiki moja waliojipima ndo walikuwa wanakumbuka zaidi kwa mbali. Sisi tunawaambia wanafunzi hivyo kila siku, tujifanyie na sisi.

Vyanzo, haraka haraka. Kama uko mji mkuu wa mkoa kuna maktaba ya mkoa chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, ingia, kuna kimya na meza. Dar iko Maktaba Kuu ya Taifa barabara ya Bibi Titi, ipo tangu 1967. Kama unaenda kijijini ambako mtandao unapatikana juu ya mti, pakua kabla hujaondoka mjini: programu ya Kiwix inakuwezesha kubeba Wikipedia ya Kiswahili nzima ndani ya simu ukaisoma bila bando hata kidogo. Vitabu vya kiada viko bure kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, navyo pia vishushe mapema. Na ubebe kitabu kimoja cha karatasi cha hadithi, kimoja tu, cha kujifurahisha, usiku usome hicho na simu iwe chumba kingine.

Hatua ya tano: somo lako lipe masaa machache, lakini masaa mazuri

Sio likizo nzima, masaa machache katika wiki ya tatu, wakati akili imeshafunguka. Na usiyatumie kuandika maazimio ya kazi na maandalio ya masomo, hayo yana siku zake. Tumia kwa kitu ambacho muhula haukupi nafasi.

Cha kwanza kwangu ni taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa ambazo NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, inaziweka kwenye tovuti yao bure, kila somo, kila mtihani. Walimu wengi wanapakua matokeo tu, hizi hawazifungui. Ndani yake kila swali limechambuliwa, wangapi walipata vizuri na wangapi waliharibu, kwa rangi za kijani, njano na nyekundu, alafu kuna picha za majibu yenyewe kwa mwandiko wa watahiniwa, zuri na baya.

Itumie hivi. Tafuta swali lililopakwa nyekundu kwenye mada unayoifundisha. Usisome maelezo. Soma swali tu, alafu chukua karatasi uandike, kwa kubashiri, makosa matatu ambayo unadhani watoto walifanya. Ndipo ushuke kwenye picha ya jibu baya. Lisome polepole kama barua, maana huyo mtoto hakuandika ujinga, aliandika kitu ambacho kwake kilikuwa na mantiki. Jiulize alikuwa anafikiri nini mpaka akafika hapo, ni neno gani la swali lilimvuta pembeni, ni Kiingereza kilimkwamisha au ni dhana yenyewe. Pale ambapo ubashiri wako umekosea ndo pana utajiri, kwa sababu umegundua kosa ambalo ulikuwa hulioni kabisa ukiwa darasani. Maswali mawili kwa mkao mmoja yanatosha, ukizidisha unaanza kusoma kwa macho tu.

Cha pili kwa walimu wa sayansi na hesabu ni PhET, majaribio ya kuigiza kwenye kompyuta au simu, kutoka Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, mradi ulioanzishwa 2002 na Carl Wieman aliyepata Nobel ya fizikia mwaka uliotangulia. Ni bure, mengine yapo kwa Kiswahili, na mengi unayapakua kama faili moja linafunguka bila intaneti. Chukua saketi za umeme, cheza nazo kama mtoto, unguza balbu, choma betri, uliza itakuwaje nikifanya hivi. Shule isiyo na maabara hii ni msaada mkubwa sana jamani, na wewe mwenyewe utafurahi.

Mtaala ulioboreshwa ulioanza kuingia madarasani Januari 2024 unatutaka tuache kumwaga notsi na kumfanya mtoto atende, na haiwezekani umwambie mtoto achunguze wakati wewe mara ya mwisho kuchunguza kitu ulikuwa chuo.

Hatua ya sita: cheza na watu, hasa bao

Akili ya mwalimu inakaa na watoto muda mrefu, inahitaji kupambana na mtu mzima anayeiweza. Drafti la vizibo vya soda kijiweni ni zuri, chesi nzuri, mafumbo ya maneno kwenye gazeti sawa, lakini kama uko Pwani, Tanga, Lindi, Zanzibar au popote wazee wanapocheza bao usiondoke bila kujifunza.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32, mistari minne ya mashimo manane, miwili yako miwili ya mwenzio, na kete 64, mara nyingi ni komwe zile za kijivu ngumu. Mnaanza na kete kumi kumi ubaoni, sita kwenye nyumba, lile shimo maalum la mstari wa mbele, na mbili mbili kwenye mashimo mawili ya pembeni yake, na kila mmoja anabaki na 22 mkononi. Hiyo awamu ni ya namua, unaingiza kete moja moja kwenye mstari wa mbele na kula za mwenzio zinazotazamana na zako, zikiisha za mkononi mnaingia mtaji, awamu ya kucheza na zilizoko ubaoni tu. Ukila unazipanda kuanzia kichwa, yaani shimo la mwisho wa mstari, na kete ya mwisho ikidondoka kwenye shimo lenye kete unaendelea, huenda ukazunguka mara mbili tatu kabla hujalala, yaani kabla zamu yako haijaisha. Sasa kazi ya akili iko hapo: kabla hujagusa kete unatakiwa ujue mzunguko mzima utaishia wapi, na wakati huo huo uone mstari wake wa mbele umebaki na nini, maana ukikauka amefungwa.

Kaa pembeni siku za kwanza uangalie tu. Wazee wanaocheza vizuri hawahesabu kwa kidole, macho yanapita ubaoni mara moja na mkono unaenda. Chagua mzee mmoja, msalimie kwa heshima yake, shikamoo babu, omba akufundishe baada ya alasiri watu wakiwa wachache. Atakufunga, tena vibaya, na atakueleza kwa nini amekufunga, na ndani ya maelezo hayo utapata Kiswahili ambacho hukukutana nacho kwenye kamusi. Mwalimu wa hesabu akishajua bao ana mada nzima ya kugawanya, baki na mfuatano iko mikononi mwake, ila usiende kwa ajili ya mada, nenda kucheza.

Kama kwenu hakuna bao, basi tafuta watu watatu wanne, sio lazima walimu, chagueni jambo moja mlijadili kwa hoja jioni moja kwa wiki. Kanuni iwe moja tu: kabla hujampinga mwenzio rudia hoja yake mpaka akubali kwamba ndivyo alivyosema.

Hatua ya saba: tembea, na uende hata mahali pamoja tu

Kutembea kwa miguu kila siku, bila spika ya sikioni. Mwaka 2014 Oppezzo na Schwartz wa Stanford walionyesha kwamba watu wakitembea wanatoa mawazo mapya mengi zaidi kuliko wakikaa. Nusu saa asubuhi kabla jua halijakaza inatosha.

Alafu safari moja ya kujifunza, ya siku moja, karibu na ulipo. Tuna vitu hapa nchini ambavyo tunavifundisha kila mwaka hatujawahi kuviona. Uko Songwe, nenda Mbozi kaguse kimondo, donge la chuma lenye nikeli ndani yake, urefu kama mita tatu, limetoka angani. Uko Iringa una zana za mawe za Isimila, na Kalenga kuna makumbusho ya Mkwawa, mtemi wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, na fuvu lake lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Dodoma una michoro ya miambani ya Kondoa pale Kolo, iliingia urithi wa dunia 2006. Tanga mapango ya Amboni, Bagamoyo magofu ya Kaole, Mara una Butiama, kwao Mwalimu Nyerere. Na likizo ya mwezi wa sita ikielekea mwisho Dar kuna maonesho ya Sabasaba. Beba kitambulisho maana kiingilio cha Mtanzania ni kidogo, beba na lile daftari. Usipige picha hamsini. Kaa mbele ya kitu kimoja dakika kumi ukichore, hata kama hujui kuchora, mkono unalazimisha jicho lione.

Hatua ya nane: andika kitu watu wengine watasoma

Kuandika ndo kupanga akili. Ukitaka kifupi, tunga shairi. Chukua tarbia ya kawaida, mishororo minne, mizani nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho. Naanza miwili:

Likizo imeingia, chaki naiweka chini,
Muhula umetimia, nimefika kijijini,

Miwili iliyobaki malizia mwenyewe, kina cha kati A na cha mwisho NI, na hesabu kwa vidole mizani isizidi. Utashangaa dakika arobaini zimepita kwa maneno manane, na kila neno ulilolikataa ulilipima kwanza.

Ukitaka kikubwa zaidi, Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003 na kata nyingi, milima, mito na miti yetu bado ina mistari miwili tu au haina kabisa. Fungua akaunti, andika kuhusu mto wa kwenu, lakini kwa vyanzo vya kuaminika vilivyochapishwa, sio kwa kusikia, na kwa maneno yako. Mwalimu anajua kueleza, hii ni kazi yetu kabisa. Na kama una hadithi au tamthiliya ndani, kuna Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, fuatilia matangazo yake, likizo ndo muda wa kuandika rasimu.

Ratiba ya mtu mwenye shamba, kambi au watoto wadogo

Usijaribu hatua zote. Ukiwa na nafasi kamili, asubuhi tembea, alafu masaa mawili ya kile kitu kipya, mchana kazi za nyumbani na usingizi kidogo, jioni bao au watu, usiku kitabu. Jumapili acha vyote.

Ukiwa unavuna, chukua mawili tu. Swali moja asubuhi lichukue kichwani uende nalo shambani, mikono inavuna akili inazunguka nalo, jioni uliandike. Na usiku kurasa chache. Shamba lenyewe pia ni darasa, pima hatua za ekari, hesabu magunia utabiri kabla hayajajazwa, muulize baba kwa nini mbegu hii na sio ile.

Ukiwa kambini na kidato cha nne, jadiliana na wenzako mgawane zamu ili kila mmoja apate angalau wiki nzima yake, na hiyo wiki ilinde. Kuna likizo yako ya mwaka ya siku 28 kama mtumishi, panga na mkuu wako mapema kwa maandishi. Mama mwenye watoto wadogo, mume akae nao masaa mawili kwa siku, hilo ni la kuongea siku ya kwanza ya likizo, ukichelewa halitokei. Hata mwalimu wa kiume mwenye wadogo, hivyo hivyo, mpe mwenzio masaa yake.

Kuna jambo lingine zito. Kama wiki mbili zimepita, unalala vizuri, hakuna kazi, na bado hakuna kinachokufurahisha, huli, unalia bila sababu au unawaza kufa, hiyo sio akili kushika kutu na wala huu mwongozo sio dawa yake. Nenda hospitali, uliza huduma ya afya ya akili, mwambie na mtu mmoja unayemwamini. Walimu wengi wanabeba hili kimya kimya, usibaki peke yako.

Wiki ya mwisho

Siku nne tano kabla ya kufungua anza kurudisha saa ya kulala, dakika thelathini nyuma kila siku. Fungua grupu la shule, soma yaliyopita, jibu ya muhimu tu. Pitia daftari la likizo na utoe vitu vitatu vya kuingia navyo darasani, labda jibu la swali moja, kosa moja ulilolikuta kwenye uchambuzi wa NECTA, na mchoro wa ulichokiona. Viandike kwenye azimio la kazi kwa tarehe, kwamba wiki ya pili Jumatano, kidato cha pili B, nafanya hiki, maana bila tarehe muhula utavimeza. Kile kitu chako kipya kipangie siku moja kwa wiki, Jumamosi asubuhi kwa fundi cherehani kwa mfano, na umwambie kabisa kabla hujaondoka kwamba utakuja, au kama kituo chako kiko mbali muombe akuelekeze kwa mwenzie aliyeko huko. Alafu safiri Alhamisi au Ijumaa, sio Jumapili, ufike ufagie nyumba, uchote maji, ulale siku mbili kitandani kwako kabla ya kengele ya Jumatatu.